Jeki Yako Imelala Wapi?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja anayeuza chakula ndani ya tela. Nadhani unayafahamu matela hayo. Ni vibanda vya bati vyenye magurudumu, vinavyokokotwa na gari mpaka kando ya barabara au nje ya kiwanda. Dirisha likifunguliwa na jiko likiwashwa, watu hupanga foleni ya chipsi, mayai na maandazi. Mama huyu ameifanya kazi hiyo kwa miaka minne, na ndiyo inayosomesha watoto wake.

Barua yake ni fupi. Anasema tela lake lina miguu minne ya chuma, mmoja katika kila pembe, ambayo huteremshwa kwa kuzungusha mpini ili tela lisiyumbe. Miguu miwili imeganda kwa kutu. Wa tatu unazunguka kwa shida huku ukilia kama bawaba ya mlango mkuukuu. Kijana wake alijaribu kuitia oili chafu ya gari. Ikalainika kwa siku chache, kisha ikawa mibaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo sasa pembe mbili za tela zinategemea mawe. Mwezi uliopita mteja mmoja mnene alipanda kizingiti cha mlango, jiwe likateleza, tela likainama, na mafuta ya moto yakaruka kutoka kwenye karai. Yalimwagika hatua moja tu kutoka aliposimama binti anayemsaidia kazi. Mama anauliza: "Je, ninunue miguu mipya, au hii inaweza kupona?"

Nimeona nimjibu hapa, mbele ya watu wote. Kwanza, mafuta ya moto hayana mzaha, na matela ya namna hii ni mengi mijini. Pili, chombo kinachomsumbua mama huyu ni ndugu wa damu wa kile kilicholala ndani ya buti la gari lako, chini ya zulia, ambacho huenda hujakiona tangu siku ulipolinunua gari. Nasema hivyo kwa sababu na mimi yalinikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Jua lilikuwa linazama nilipopata pancha karibu na Mikese. Sikuwa na wasiwasi, maana tairi la akiba nilikuwa nalo na jeki nilikuwa nayo. Kumbe jeki yenyewe ilikuwa imegeuka kipande kimoja cha kutu. Nilizungusha mpini mpaka ukapinda. Giza likaingia. Baada ya muda lori likasimama, utingo akashuka, akaitazama jeki yangu kwa tochi, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, hii ni jeki au sanamu?"

Dereva wake akamkemea kutoka juu: "Wewe, acha utani na mzee wa watu. Mletee ya kwetu."

Kazi ilikwisha kwa dakika chache. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kilichofuata. Kabla ya kuirudisha jeki mahali pake, yule kijana aliifuta kwa tambara, akachota grisi kidogo kwa kidole kutoka kwenye mkebe, akaipaka kwenye skrubu. Dereva alikuwa anapiga honi waondoke, na bado kijana hakuiacha kazi hiyo. Nilimwuliza kwa nini asisubiri wafike. Akasema, "Mzee, tukifika nitasahau."

Hebu sasa tukitazame chombo chenyewe. Jeki ya aina hii huitwa jeki ya mkasi, kwa sababu mikono yake minne ya bati nene hufunguka na kufumba kama mkasi. Katikati yake, kutoka upande mmoja hadi wa pili, imepita parafujo ndefu, au skrubu kama wengi tunavyosema. Ukiizungusha skrubu, pembe mbili za kando huvutwa zikaribiane, na kichwa cha juu hakina pa kwenda ila kupanda. Miguu ya tela la mama yetu ni chombo hicho hicho kilichofungwa chini ya fremu kichwa chini, ili kisukume ardhi badala ya kusukuma gari.

Wengi hawajui kwamba skrubu hiyo hubeba uzito tofauti kila jeki inapobadili kimo. Mikono ikiwa imeinuka kwa nyuzi 45, skrubu huvutwa kwa nguvu iliyo sawa na mzigo uliowekwa. Jeki ikiwa bado imelala, mikono ikiwa imeinuka nyuzi 15 tu, skrubu huvutwa kwa nguvu inayokaribia mara nne ya mzigo huo. Maana yake ni kwamba kilo 300 zilizokaa juu ya kichwa cha jeki huwa zaidi ya kilo 1,100 ndani ya skrubu. Ndiyo sababu mizunguko ya mwanzo huwa migumu kuliko ya mwisho, na ndiyo sababu skrubu kavu huanza kukwanguka meno yake pale pale mwanzoni.

Aidha, skrubu ya jeki imechongwa kwa makusudi isirudi yenyewe. Ukiuachia mpini, gari haliporomoki, kwa kuwa msuguano kati ya meno ya skrubu na nati yake unalishikilia. Usalama huo una gharama. Kanuni za ufundi zinaonyesha kwamba skrubu yoyote isiyorudi yenyewe hula zaidi ya nusu ya nguvu unayoitia mkononi, na sehemu inayobaki ndiyo inayonyanyua. Hapo tunazungumzia skrubu safi yenye grisi. Ikiwa na kutu na mchanga, karibu nguvu yako yote inaishia kwenye kukwaruza chuma.

Wako wanaoogopa kuipaka grisi wakidhani itateleza na kuangusha gari. La hasha. Meno ya skrubu hiyo yana mteremko mdogo sana, kiasi kwamba hata yakiwa na grisi hayarudi mpaka uyazungushe. Skrubu kavu ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu hulika meno polepole bila mtu kuona, mpaka siku moja nati inakosa pa kushika.

Maadui wa jeki ni wawili. Wa kwanza ni kutu. Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu, na chumvi huharakisha jambo hilo. Ndugu zetu wa Pwani, kuanzia Mtwara mpaka Lamu, wanaijua habari hii kutokana na mabati na baiskeli zao. Adui wa pili ni vumbi. Wakazi wa Dodoma, Shinyanga au Machakos hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hapo ndipo alipokosea kijana wa mama yetu. Hakukosea kutia mafuta, alikosea aina yake, na alikosea kuyatia juu ya uchafu. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina masizi, chembe za chuma na tindikali. Tena inanata. Miguu ya tela iko chini kabisa, karibu na magurudumu, na kila safari inarushiwa mchanga na matope. Mchanga ukikutana na oili hugeuka msasa, na kila unapozungusha mpini unaisaga skrubu yako mwenyewe. Isitoshe, oili hiyo si nzuri kwa ngozi, wala haina haki ya kudondoka mahali panapouzwa chakula.

Miguu hii haikuanzia kwenye biashara ya chipsi. Inatumika sana Ulaya na Marekani kwenye matela ya kulala, ambayo familia huyakokota wakati wa likizo mpaka kambini. Wenye matela hayo wana kanuni mbili zinazotufaa. Ya kwanza ni kwamba miguu ya pembeni ni ya kutuliza tela lisiyumbe. Si ya kulinyanyua. Tela likiwa limeinama, husawazishwa kwa kuweka mbao chini ya gurudumu la upande ulio chini. Miguu huteremshwa mwishoni. Anayelinyanyua tela kwa miguu hiyo huipinda, au hupinda fremu yenyewe. Kanuni ya pili ni kwamba skrubu iliyo wazi chini ya tela hupewa mafuta makavu, yaani yale ya kupulizia yenye silikoni au grafaiti. Yakikauka huacha utando mwembamba usioshika mchanga.

Sasa, mama, tukifanye kibarua chako. Chagua siku ambayo huuzi. Jiko liwe limezimwa na mtungi wa gesi umefungwa, mafuta yamepoa, na vyombo vizito vimetolewa. Weka tela mahali tambarare, lifungwe kwenye gari linalolikokota, na magurudumu yatiliwe kabari mbele na nyuma. Shughulikia mguu mmoja mmoja, ukiwa hewani. Mguu uliobeba uzito hauguswi, na mtu asiingie chini ya tela linalotegemea jeki au mawe.

Anza kwa usafi. Sugua kutu na matope kwa brashi ya waya, kisha safisha meno ya skrubu kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye mafuta ya taa. Usitumie petroli, maana mvuke wake hushika moto upesi mno. Futa kwa tambara kavu mpaka tambara litoke bila weusi. Kazi hii ya usafi ndiyo nusu ya matengenezo, na ndiyo ambayo wengi huiruka.

Mguu ulioganda haupigwi nyundo kwa hasira. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati, kwenye skrubu na kwenye kila pini ya mikono, uache usiku kucha. Asubuhi gongagonga kidogo, kisha zungusha robo mzunguko mbele, robo mzunguko nyuma, ukiongeza mafuta, mpaka uanze kutii. Usichomeke bomba refu kwenye mpini ili upate nguvu, kwa kuwa bomba refu huvunja kile ambacho subira ingekilegeza. Wengi hapa hutumia WD-40, na si vibaya. Lakini jina lenyewe linaeleza kazi yake. Mafuta hayo yalitengenezwa Marekani, katika mji wa San Diego, mwaka 1953, na herufi zake zinasimamia kufukuza maji, ilipofanikiwa fomula ya 40. Ni mafuta mepesi ya kuanzia kazi. Ukiishia hapo, baada ya majuma machache utarudi ulikotoka.

Mguu ukishatii, uteremshe wote, uupandishe wote, kisha usugue tena. Sasa utazame kwa makini mchana wa jua. Je, skrubu imenyooka? Meno yake bado ni manene, au yamekuwa makali kama kisu? Matundu ya pini ni ya duara, au yamekuwa marefu kama yai? Kuna ufa mahali palipochomelewa? Hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Mguu wenye kutu ya juu juu, hata uwe umeganda, unaweza kupona. Wenye skrubu iliyopinda, meno yaliyolika au ufa, huo usiuonee huruma, nunua mwingine. Pesa za mguu mmoja ni ndogo kuliko gharama ya mtu aliyeungua.

Kwa miguu iliyopona, pulizia mafuta makavu kwenye skrubu na kwenye pini, zungusha mara kadhaa, pulizia tena. Usipoyapata, tumia grisi ya kawaida ya lithiamu, lakini kwa ubahili. Grisi ni oili iliyoshikwa ndani ya aina ya sabuni, mfano wa maji ndani ya sponji, na huitoa kidogo kidogo chuma kinapokandamizana. Ipake, zungusha mguu, kisha futa yote inayoonekana kwa nje. Ile iliyobaki ndani ya meno inatosha. Kisha kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, ukifunge kama pazia mbele ya kila mguu ili kizuie matope ya barabarani. Mikono ya jeki unaweza kuipaka rangi. Skrubu na pini usizipake rangi.

Ukishamaliza, jiwekee utaratibu. Pwani, rudia kila miezi mitatu. Bara, kabla ya mvua na baada ya mvua. Kila mwezi teremsha na kupandisha miguu yote mara moja, hata kama tela halijasogea. Unapoliweka tela kazini, sawazisha kwanza kwa mbao, tia kabari, kisha weka ubao mpana na mnene chini ya kila mguu ili usizame. Teremsha miguu mpaka iguse, ongeza nusu mzunguko, uache. Gurudumu likianza kunyanyuka umezidisha. Na kabla gari halijaanza kukokota, zunguka pembe zote nne kwa macho yako, maana mguu uliosahaulika chini hung'oka tela likigusa tuta la kwanza.

Nawe mwenye gari usitabasamu tu. Jeki yako inahitaji huduma hiyo hiyo, ila kwa urahisi zaidi. Kwa kuwa inakaa ndani ya buti mbali na mchanga, grisi ya lithiamu inaifaa kwenye skrubu, pamoja na tone la oili kwenye kila pini. Ifungue yote, ifute, ipake, ifunge, uivike mfuko wa kitambaa. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Magari yetu mengi huja yakiwa yamekwisha kutumika. Kenya, kwa mfano, huruhusu magari yasiyozidi miaka minane. Jeki inayokuja na gari hilo huwa na umri ule ule, na huenda haijawahi kufunguliwa. Kwa upande mwingine, baadhi ya magari mapya hayaji na tairi la akiba wala jeki, bali na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Fungua buti leo ujue uko kundi gani.

Wenye jeki ya mafuta, ile iliyo kama chupa, wao wasihangaike na skrubu kubwa. Waiweke wima, nguzo yake ikiwa imeshuka yote ndani ili isishike kutu, na wakiongeza mafuta yawe mafuta ya jeki. Mafuta ya breki huharibu mipira yake ya ndani.

Jumamosi moja, ukiwa nyumbani, fanya jaribio pamoja na mwenzi wako na vijana wanaoendesha gari hilo. Vuta breki ya mkono, tia kabari gurudumu la upande wa pili, abiria wote washuke. Legeza nati za gurudumu kabla ya kunyanyua. Weka jeki mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, na kama ardhi ni laini, juu ya ubao. Tairi la akiba lilaze chini ya ubavu wa gari wakati ukifanya kazi, ili gari likishuka ghafla lipate pa kuegemea. Ukiwa barabarani, weka pembetatu zako mbali nyuma ya gari. Matawi ya miti hayaonekani usiku.

Na jambo moja lisilo na mjadala: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama jeki ni mpya. Jeki ni ya kunyanyua. Kazi ya kushikilia ni ya stendi za chuma, na fundi asiyekuwa nazo asilaze mwili wake pale.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mama yetu wa tela, miguu yako miwili bila shaka imeanza kuota tende, lakini kwa brashi, mkebe wa grisi na siku moja ya mapumziko huenda ikapona. Mawe yale yaondoe leo, kabla ya kuwasha jiko. Pembe zikibaki bila mguu mzima, usiuze ndani ya tela. Teremsha jiko chini, upikie ardhini, mpaka miguu itengemae.

Jeki yangu ya Mikese niliitupa, maana skrubu ilikuwa imekwisha. Niliyonunua baadaye ipo kwenye buti, na mkebe mdogo wa grisi umekaa pembeni yake. Kila nikiitumia naipaka kabla ya kuondoka mahali pale, maana ninajua nikifika nitasahau.

Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa. Safari njema.